Boya Namba Tisa

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Tisa limekatika. Mnyororo umeachia asubuhi ya leo, kati ya saa mbili na saa tatu. Mwanzoni nilidhani ni mzunguko wake wa kawaida — boya lililofungwa huzunguka nanga yake kama mbuzi kwenye kamba. Saa nne lilikuwa limetoka nje ya duara. Saa tano sikuwa na shaka tena.

Kati ya maboya yote thelathini na moja, likatike hilo!

Nimeziandikia nchi zote kumi na moja za mtandao wetu. Taarifa ya kawaida: boya limeachia, vyombo vijihadhari, vipimo vya upepo na joto la maji bado vinafika vizuri. Sentensi tatu. Zimenichukua nusu saa. Kule zinakosomwa hawajui kwamba anayewaandikia anakaa juu ya duka la agroveti nyuma ya soko la Gakoromone, harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ikipanda ngazi, na kwamba bahari yenyewe ameiona mara tatu tu maishani. Murithi, fundi wetu wa maboya, ndiye alikuwa mtu wa bahari. Mimi ni mtu wa namba.

Susan, mkuu wetu wa ofisi ya pwani, amepiga simu. Amesema ni uzee wa mnyororo, ulikuwa uangaliwe katika ile safari ya Juni. Kisha akakata simu. 


Jumanne, 2 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi, kama kila siku, ujumbe umeingia kwenye kundi la mtandao wetu kwa jina la Murithi. "Habari ya asubuhi, wanamaji wa nchi kavu. Haya ndiyo ya leo." Halafu orodha: mawimbi, upepo, joto, boya kwa boya. Ni programu ndogo aliyoandika miaka miwili iliyopita. Inajituma yenyewe. Ruhusa ya kuizima ninayo mimi. Leo ni siku ya themanini na tatu tangu azame, na bado anatuamkia.

Mama yake amekuja. Gatakaa. Yeye huleta ndizi sokoni kutoka Muthara, Jumanne na Ijumaa, na akimaliza kuuza anapanda ngazi hizi kunisalimia. Anakaa kwenye kile kiti ambacho Murithi alikuwa akikalia akija likizo. Anauliza jambo moja: ile kitu ya mtoto wake iko wapi. Nami humwonyesha nukta kwenye kompyuta. Iko pale pale, mama.

Leo nimemwambia si pale pale. Akauliza inaenda wapi. Kaskazini. Nani anaipeleka? Nikasema mkondo, ni kama mto ndani ya bahari. Akaufikiria huo mto.

"Na yeye anaweza kuwa anaenda pamoja nayo?"

Jibu ni hapana. Mwili haukai juu ya maji siku themanini na tatu. Nikasema bahari ni kubwa, Mama Murithi. Ameondoka na uso mwepesi kuliko aliokuja nao. Mungu anisamehe.


Jumatano, 3 Septemba

Wacha niandike hapa, kwa kuwa sijaandika popote.

Mwisho wa Mei kipimo cha mawimbi cha Tisa kiliruka mara mbili kwa wiki moja. Bahari imetulia, upepo hakuna, na chenyewe kinasema mawimbi makubwa. Nikakihukumu. Niliweka alama ya nne — mbovu. Kitu chenye alama ya nne hakiendi kwa watabiri wa hali ya hewa, hakiendi kwa meli, hakiendi kwa mtu yeyote. Sisi wa ndani tu ndio tunaona. Halafu nikaomba kipimo kibadilishwe. Murithi akapangiwa safari ya kwenda kukibadilisha.

Tarehe kumi na moja Juni, Jumatano, sikuwa hapa Meru. Nilikuwa nyumbani Siakago, mwanangu Kanini alikuwa na homa. Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi Murithi aliandika kutoka gatini: "Tisa linasema mita 3.9, sekunde 18. Ni kweli ama ni ule wazimu wake?"

Nilikuwa nakoroga uji wa mtoto. Simu mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia. Kufungua laptopu na kulinganisha na maboya mawili ya kusini — dakika tano. Sikufungua.

"Wazimu. Puuza."

Akaweka kidole gumba.

Mawimbi yale yalikuwa ya dhoruba iliyopiga mbali sana kusini siku tano kabla. Mawimbi marefu hayo, kwenye kina huyaoni. Mashua inapanda inashuka kama inapumua. Yanasimama yakifika kwenye miamba. Mashua ilipinduka kwenye mlango wa miamba ikitoka. Watu wanne. Watatu waliogelea.

Sekunde kumi na nane kati ya wimbi na wimbi. Najikuta nahesabu. Nikiosha vyombo, nikipanda ngazi, nikingoja maji yachemke. Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane. Halafu mabega yanakaza yenyewe.


Ijumaa, 5 Septemba

Tisa limefika mbele ya Kismayu. Kilomita sabini, themanini kwa siku.

Imeili kutoka Goa, kwa yule mtaalamu anayekagua data za mtandao mzima, Bwana Pereira. Mtu mpole. Anasema kwa kuwa Tisa sasa linaelea ovyo, amelilinganisha na setilaiti kipindi chote cha mwaka huu. Kipimo cha mawimbi ni kizima. Kilikuwa kizima tangu mwanzo, hata zile siku mbili za Mei. Ni kizuri kuliko vyote tulivyo navyo. Anauliza kwa heshima: ni nani aliweka alama ya nne, na kwa msingi gani?

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa. Nikaisoma tena.

Kizima. Kwa hiyo Murithi alikwenda kubadilisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Gatakaa alikuja saa tisa. Alinikuta natazama ukuta. Alidhani ni njaa, akamenya ndizi mbili akaniwekea mezani juu ya daftari. Nilimwonyesha nukta. Akauliza kule kuna watu gani. Wasomali, nikasema. Akasema Wasomali anawajua, wamenunua miraa yao miaka mingi, ni watu wa kuzika hata asiye wao.


Jumapili, 7 Septemba

Siakago. Joto, vumbi, mbuzi wamemaliza ua wote. Kanisani mhubiri alirefusha. Sikushika neno hata moja, nilikuwa nahesabu. Kanini alinishika kidole akaniuliza kwa sauti ndogo, mama, unahesabu nini?

Nilimwambia watu.


Jumanne, 9 Septemba

Susan amenitumia ripoti ya kamati inayochunguza ajali niisome na kuweka sahihi kufikia Ijumaa ijayo. Kurasa sita. Ukurasa wa nne: "Alama ya nne iliwekwa na mfumo wa kuchuja data kutokana na mipangilio isiyofaa." Mfumo! Mfumo hauna jina. Hauna mtoto mwenye homa.

Nilimpigia. Nikamwambia ni mimi, Susan, na wewe unajua ni mimi, namba yangu ya kazi iko kwenye kumbukumbu. Akasema anajua. Alijua tangu Juni. Akaongea polepole, kama mtu aliyelifikiria neno kwa muda mrefu. Kwamba ilichukua miaka tisa kuzifanya nchi nyingine zikubali mtandao huu uendeshwe kutoka kwetu. Kwamba wakisikia ni mtu mmoja na uamuzi wake, usimamizi utahamishwa kabla ya Krismasi. Watu kumi na wanne watakosa kazi. Na nahodha naye alitazama bahari kwa macho yake akaona imelala. Na waliopona hawajamlaumu mtu.

"Mukami, ukweli wako hautamtoa majini," akasema.

Susan si mtu mbaya. Ndiye aliyelala sakafuni siku tatu kwenye kituo cha uokoaji akingoja. Hilo ndilo linalonishinda. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya.

Gatakaa hakupanda leo. Alituma salamu na mwenye agroveti: mguu unamsumbua, ataulizia kwa simu. Kweli akapiga. Iko wapi? Nikamwambia imekaribia Mogadishu. Akarudia jina hilo mara mbili, kujifundisha.


Jumatano, 10 Septemba

Ujumbe wa saa kumi na mbili. "Habari ya asubuhi, wanamaji wa nchi kavu."

Nimejibu. Sijui kwa nini. Nimeandika: "Murithi, kilikuwa kizima." Nikaangalia maneno yale yamekaa pale mbele ya nchi kumi na moja. Nikayafuta kabla ya mtu kuamka. Mfumo ukaandika chini yake: ujumbe umeondolewa.


Alhamisi, 11 Septemba

Miezi mitatu kamili.

Nimemwambia mume wangu Muchangi kila kitu kwa simu, wakati wa mapumziko ya shule yake. Miaka kumi ya ndoa, na nilikuwa nimemficha jambo hili tangu Juni. Alisikiliza. Nilisikia watoto wakicheza nyuma yake na kengele ya shule. Akauliza nani mwingine ameona ile meseji. Nikasema simu ya Murithi ilizama naye. Basi iko kwenye simu moja tu duniani, akasema. Yangu.

Hakuniambia nifute. Wala hakuniambia nisifute. Alisema tu hivyo, kisha akasema anaingia darasani.

Nimeitafuta. Nimeweka kidole juu yake. Simu ikauliza: futa kwako tu, au kwa wote?

Kwa wote! Nimeicheka hiyo mpaka nikatokwa na machozi.

Sikufuta.


Ijumaa, 12 Septemba

Alikuja leo, na mguu wake ule. Nilisikia fimbo kwenye ngazi, kidato kwa kidato. Nilikuwa na ripoti ya Susan mbele yangu na kalamu imefunguliwa. Nakiri. Ilikuwa imefunguliwa.

Tukaamkuana. Akakaa. Nilimwonyesha nukta, imepita Mogadishu. Akasema wazee wa kanisa wamemshauri wafanye ibada ya ukumbusho waweke jiwe, maisha yaendelee. Amekataa. Kwa sababu hiyo kitu bado inatembea. Ikisimama, atakubali.

Kwa hiyo mimi ndiye nimemweka hapo. Neno langu la siku ile, bahari ni kubwa. Mama mzima anangoja nukta isimame ndiyo alie.

Nikamwambia, mama, hayuko nayo. Nikamwambia mwili ulishaenda, siku nyingi, na nilijua nilipokujibu. Hakushtuka. Aliweka mikono kwenye magoti. Halafu, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, nikasema kuna kingine. Nikafungua simu nikampa.

Anasoma polepole, midomo ikitembea. Meseji mbili tu. Alizisoma muda mrefu. Chini sokoni mtu alikuwa anatangaza viazi kwa kipaza sauti. Nilihesabu kumi na nane mara nne.

Akauliza maana ya 3.9. Nikamwonyesha ukutani: kutoka sakafuni mpaka dari, na nusu yake tena.

Akauliza, "Wewe ulikuwa unafanya nini saa hiyo?"

"Nilikuwa nakoroga uji."

"Wa nani?"

"Wa mtoto wangu. Alikuwa mgonjwa."

"Akapona?"

"Akapona."

Alinirudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Akachukua fimbo. Mlangoni nilitaka kumshika mkono anapoanza kushuka, kile kidato cha tatu ni kibovu. Akasema, kwa upole kabisa, nimwache.

Nilikaa nikimsikiliza akishuka. Vidato kumi na tano. Ilichukua muda mrefu sana.


Jumatatu, 15 Septemba

Nimemwandikia Bwana Pereira, na nakala kwa Susan na nchi zote. Sikuweka sahihi kwenye ripoti. Nimeandika yangu, ukurasa mmoja. Nani, lini, wapi, kwa nini, na picha ya zile meseji mbili. Nimeandika pia kwamba Susan alijua baada ya tukio, si kabla. Nilisita hapo. Lakini nikianza kuchagua kweli ya kusema nitarudi nilikotoka.

Saa nane mchana ruhusa zangu zimefungwa. Naona maboya lakini siwezi kugusa kitu. Ni haki. Hata ile programu ya Murithi siwezi kuizima tena, hata nikitaka.

Susan hajapiga simu. Ametuma neno moja: "Sawa."


Jumanne, 16 Septemba

Siku ya soko. Nilimtazamia tangu saa nne. Nilishuka mara mbili kule kwenye ndizi. Mahali pake palikuwa na mwanamke mwingine, hamjui. Au alisema hamjui.

Tisa limegeuka. Limeacha pwani, linaelekea mashariki, kwenye maji yasiyo na jina la mji wowote. Hakuna aliyepiga simu kuuliza liko wapi. Nimesema kwa sauti, peke yangu chumbani: limegeuka mashariki, Mama Murithi.

Mwenye agroveti aliita kutoka chini, ananiuliza kama nina mgeni.


Alhamisi, 18 Septemba

Mambo mawili.

La kwanza. Pereira amebadilisha alama. Kuanzia Mei ishirini na sita, mawimbi yote ya Tisa, kutoka nne hadi moja. Moja ni nzuri. Watabiri wa kila nchi wakifungua kumbukumbu sasa wataona tarehe kumi na moja Juni, asubuhi, mita tatu nukta tisa, bila alama yoyote ya ubovu juu yake. Siku ile sasa ni kweli. Ameniandikia mistari miwili pembeni. Anasema miaka ishirini iliyopita yeye pia alifunga kipimo kizima, na hakuna aliyekufa, na hiyo ndiyo tofauti pekee kati yetu. Anasema kamati itakaa tena mwezi ujao, na hajui itakata shauri gani.

La pili. Gatakaa amepiga. Saa tano asubuhi. Hakuuliza boya. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma tangazo. Niende Muthara Jumamosi. Watakuwepo baba yake Murithi, ndugu zake, wajomba. Hajawaambia. Alisema si habari yake ya kupeleka, ni yangu. Munyi, kaka mkubwa, ni mtu wa hasira, nijue. Nikauliza nije na mume wangu? Akasema uje na nani utakaye, lakini utasimama mwenyewe.

Nilitaka kusema asante. Nashukuru sikusema.


Jumamosi, 20 Septemba

Muthara. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya nyumba yao, chini ya ukuta. Saa sita kasoro.

Muchangi ameegesha gari huko chini barabarani, nimemwomba abaki hapo. Hakutaka. Amekubali baada ya kubishana. Nimepanda peke yangu katikati ya miraa, miti ya zamani yenye vigogo vinene. Sikujua ni mizuri hivi. Murithi aliwahi kuniambia nije niione na sikuwahi kuja.

Watu wameingia. Nimehesabu kumi na wawili. Baba yake Murithi alinipita na koti jeusi la kanisani, akanishika mkono, akanikaribisha, akaniuliza njia ilikuwaje. Anadhani nimetoka ofisini kuleta habari za mwili. Naona kwenye macho yake. Amevaa viatu vilivyopakwa rangi. 

Munyi yuko mlangoni amekunja mikono. Ana mabega ya Murithi. Akigeuka upande — lakini hapana, si yeye.

Gatakaa ametoka sasa hivi. Amekaa kando yangu kwenye benchi, si karibu sana. Tumetazama mbele wote wawili, kuku wanachakura. Amesema watu wamekaa tayari, na mzee wa kanisa ameshaomba. Nilimwambia nimejaribu tangu jana kupanga nitaanzaje. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, samahani mara tatu juu, samahani mara mbili chini. Akaichukua karatasi, akaisoma, midomo ikitembea. Akaikunja ndogo, akaitia kwenye mfuko wa sweta yake.

"Usianze na hiyo," amesema. "Ukianza na hiyo watakuhurumia kabla hawajajua. Anza na saa. Sema ilikuwa saa ngapi."

Ameinuka. Anangoja nifunge daftari. Munyi ametoa mikono kifuani, ameshika mlango uwe wazi, na ndani wote wamegeuza nyuso huku nje. Nafunga daftari: saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi.